Hotuba ya Kamati ya Elimu: Mitihani ya Juu kwa Vijana wa Kazi za Fedha



Mwaka huu barua nyingi zilizofika mezani petu hazikuomba karo ya shule. Ziliomba ada ya mitihani ya kazi za fedha. Herufi zilizotajwa humo ni nyingi: CPA, ACCA, CFA, CIFA. Mzee mmoja wa Kamati alituuliza, wala hakukosea, kama hizo ni elimu au ni nambari za magari. Twaona yafaa tuwaeleze kabla hamjapiga kura juu ya fedha.

Anayetaka kukagua hesabu za makampuni ya Kenya na kuzitia sahihi hana budi kuwa mwanachama wa ICPAK mwenye leseni. Mlango wake wa kawaida ni CPA, inayotahiniwa na KASNEB, baraza lililoundwa mwaka 1969. Mitihani yake ina ngazi tatu, na ndani yake mna kodi na sheria za makampuni za nchi yetu. ACCA, ambayo asili yake ni London mwaka 1904, nayo ni ya uhasibu, na yamfaa anayetazamia kazi ng'ambo. Ila ada yake huhesabiwa kwa pauni.

CFA ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni ya kupima hisa na hatifungani, na kusimamia fedha za bima na akiba za uzeeni. Mtu hushinda mitihani mitatu, kisha huonyesha saa 4,000 za kazi ya namna hiyo kwa muda usiopungua miezi 36, ndipo aruhusiwe kuziandika herufi hizo baada ya jina lake. Hata hapo haimpi haki ya kutia sahihi ukaguzi wa hesabu. Ada ni kwa dola. CIFA ya KASNEB hupita njia iyo hiyo ya uwekezaji, kwa shilingi.

Tunalo kosa la kuungama. Kamati hii ilipata kumlipia kijana mmoja, karani wa hesabu katika ushirika wa maziwa, ada ya mtihani wa kwanza wa CFA, kwa kuwa jina lilitupendeza. Baba yake aliuza ng'ombe wawili kuongezea. Kijana akashinda, akarudi kwenye meza ile ile. Cheo cha mhasibu kilipotangazwa akaulizwa CPA yake iko wapi. Sasa ameanza upya, naye ana watoto wa kusomesha. Hakukosea yeye, sisi hatukumwuliza anataka kazi gani.

Tena msiidharau ATD. Ambaye alama zake za kidato cha nne hazikumfikisha kwenye CPA aweza kuanzia hapo, akapata kazi ya hesabu, kisha akapanda.

Kwa hiyo twapendekeza Hazina ilipe ngazi moja moja, na mwombaji alete matokeo kabla ya kulipiwa ijayo. Mwenye shahada ya uhasibu aulize kwanza KASNEB ni karatasi zipi atakazosamehewa. Anayeomba CFA aeleze kwa maandishi atazipata wapi zile saa 4,000.

Twaomba Wazee waliotoa mifugo yao kwa ajili ya Hazina hii waseme kwanza.