Noti za Vitani: Rupia ya Karatasi Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani



Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianza kutoa noti mwaka 1905. Zilichapwa Leipzig na kampuni ya Giesecke & Devrient, na kazi yake ni safi mno. Noti ya rupia 5 ina simba, ya 10 ina bandari ya Dar es Salaam, na za 50 na 100 zina Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevalia sare. Kibarua wa shambani, hata hivyo, hakuzizoea. Pesa yake ilikuwa sarafu: rupia ya fedha na heller, mia moja kwa rupia.

Vita ndivyo vilivyovuruga mpango huo. Mwaka 1915 Waingereza waliifunga pwani, shehena ya Leipzig ikawa haifiki, na rupia za fedha zikaadimika. Maji yakazidi unga. Serikali ikaanza kuchapa noti za muda humu humu nchini, Dar es Salaam na Tabora, nyingi zikiwa za rupia moja moja.

Itazameni kwa karibu noti moja ya Novemba 1915. Simba hayupo, wala Kaisari. Karatasi ni ile iliyopatikana. Kuna nambari, ahadi ya kulipa kwa Kijerumani, na sahihi za wino zilizotiwa kwa mkono, maana mashine ya kuchonga nakshi ngumu kuigwa haikuwapo. Mwaka 1917, miji yote miwili ikiwa imekwisha tekwa, zilitoka noti zilizopigwa kwa herufi za mpira, kama zile za kuchezea watoto, na kugongwa muhuri wa tai.

Wakusanyaji huzicheka kwa ubaya wake. Mimi naona hizo ndizo zenye habari. Rupia moja ya fedha, hata serikali ikianguka, bado ni fedha. Ya karatasi ni deni. Aliyeipokea kwa mtama wake au kwa kubeba mizigo alikuwa ameikopesha serikali ya ukoloni bila kuulizwa. Na mwaka 1916, katika karakana ya reli pale Tabora, serikali hiyo hiyo ilikuwa ikipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo na mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Dhahabu walikuwa nayo. Swali ni nani alilipwa kwa hiyo na nani alipewa karatasi.

Waingereza nao walipoleta shilingi, noti zao zilikuwa na mfalme upande mmoja na simba upande wa pili. Simba huyo hakuchoka kutumika.

Nina ombi moja. Ukizikuta noti hizi katika sanduku la babu, usizibandike selotepu wala kuzitia plastiki ya moto. Andika pembeni, kwenye karatasi nyingine, zilitoka kwa nani na alizipataje, kisha zipeleke makumbusho.