MVUMO KATIKA AMPLIFAYA YA GARI: JINSI YA KUUTAFUTA, NA KWA NINI DEREVA ASILIPISHWE

(Maneno yaliyosemwa Malaba mbele ya wanachama wa reli na wa malori. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu wa Busia, na wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Tumeombwa tuseme juu ya ule mvumo na ule mluzi unaotoka katika spika za gari. Huenda mtu akauliza, Watu wa reli na mambo ya amplifaya, wapi na wapi? Twajibu kwamba yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, gari la matangazo ndilo linalowaita wenzetu mkutanoni, na gari likivuma watu husikia ngurumo tu, kisha kila mtu huenda nyumbani na habari yake ya kubuni. Pili, wako wenzetu wanaokatwa mshahara kwa ajili ya mitambo hii. Hilo ndilo kubwa.

Mfano tunao. Dereva mmoja wa gari la kukodi la matangazo aliona amplifaya inalia kila akikanyaga mafuta. Mwenye gari akanunua nyingine, na bei yake akaikata katika mshahara wa dereva, akisema dereva ameiharibu ya kwanza kwa kufungulia sauti mno. Ile mpya ikalia vile vile. Makato ya pili yalipotajwa, dereva akaja tawini. Tulilikagua gari lile mchana kutwa. Tukakuta waya wa ethi wa amplifaya umefungwa kwa bolti iliyokazwa juu ya rangi, na chini ya rangi mna kutu. Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Mluzi ukaisha. Tukairudisha hata ile amplifaya ya kwanza, nayo ikafanya kazi safi. Basi mwenzetu alikuwa amelipishwa mtambo mzima kwa kosa la bolti moja.

Sasa tueleze kwa nini kutu ya bolti hutoa sauti.

Kwenye injini pana alteneta, ambayo hutengeneza umeme wa kwenda na kurudi. Betri haiwezi kupokea umeme wa namna hiyo, kwa hiyo unapitishwa katika dayodi, ambazo kwa kawaida ni sita, ili uende upande mmoja tu. Lakini hautoki laini kama maji ya mfereji. Hutoka na mawimbi madogo. Injini ikienda mbio mawimbi huwa ya haraka, ikipoa huwa ya polepole. Ndiyo maana mluzi hupanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva. Betri nzima huyameza mawimbi mengi, lakini betri iliyochoka, au yenye vichwa vilivyolegea, huyaacha yapite.

Waya unaotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya huchukua umeme mdogo sana, labda volti moja au chini yake, na kazi ya amplifaya ni kuukuza huo mara nyingi. Redio imefungwa ethi mbele, kwenye dashibodi. Amplifaya imefungwa ethi nyuma, kwenye bodi. Kama pande hizi mbili hazina ethi sawa, mawimbi ya alteneta hupata njia ya kupita katika ule wavu wa nje wa waya wa sauti. Amplifaya haina akili ya kuchagua. Huyakuza pamoja na muziki.

Hesabu yake ni hii. Amplifaya ikivuta ampea 40, na bolti yenye kutu ikawa na ukinzani wa sehemu moja ya ishirini ya omu, hapo pekee mmepotea volti 2. Na sisi tunakaa Malaba na Busia, ambako mvua ya ziwa hainyimi mtu. Kutu hapa haina likizo.

Sasa njia ya kutafuta. Wenzetu wa reli wanaijua tayari, ila hawajui kama wanaijua. Treni ya mizigo ikivuja hewa katika bomba la breki, hatuanzi kubadili injini. Tunafunga koki katikati ya mabehewa. Kama mbele sasa kunashika hewa, basi kosa liko nyuma. Tunagawa tena, na tena, mpaka tunafika kwenye hozi moja yenye tundu. Amplifaya ni vivyo hivyo.

JAMBO LA KWANZA: SIKILIZA. Ukisikia mluzi unaofuata injini, shuku ethi, betri au alteneta. Ukisikia tu-tu-tu pamoja na taa za kona, au ngurumo wakati waipa inapanguza, kosa liko katika njia ya waya au ethi. Ukisikia ta-ta-ta kabla ya simu kulia, hiyo ni simu yenyewe iko karibu na waya, iondoe tu. Ukisikia mvumo mmoja wa sawasawa na injini imezimwa, tazama kama gari lina invata ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240. Invata nyingi za bei rahisi huvuma. Na ule ukelele mkali unaokuja maikrofoni ikisogezwa mbele ya spika si ugonjwa wa waya. Msemaji asimame nyuma ya spika, basi.

JAMBO LA PILI: PUNGUZA GEIN. Wengi hudhani kile kidude cha gein ni cha kuongeza nguvu. Sivyo. Ni cha kupatanisha redio na amplifaya. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, kisha ongeza gein polepole mpaka sauti ianze kuchubuka, halafu rudisha nyuma kidogo. Gein ikiwekwa mwisho, hata kelele iliyokuwa ndogo huwa kubwa.

JAMBO LA TATU: KATA TRENI KATIKATI. Zima kila kitu. Chomoa waya za sauti, zile za RCA, upande wa amplifaya. Washa injini. Kama kelele bado ipo, kosa liko kwenye amplifaya yenyewe, au umeme wake, au spika zake. Kama imenyamaza, kosa liko mbele: waya za sauti, redio, au ethi ya redio. Kisha chukua simu isiyokuwa kwenye chaji, uiunge moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mfupi, upige wimbo. Ikiimba safi, amplifaya haina hatia. Ushahidi huu mtu yeyote anaweza kuuona kwa masikio yake, hata mwenye gari.

JAMBO LA NNE: PIMA. Mita ndogo yatosha. Gari la volti 12 likiwa limezimwa na betri imejaa, mita isome karibu 12.6. Injini ikienda, isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kisha geuza mita kwenye umeme wa kwenda na kurudi, upime betri injini ikienda. Ikisoma chini ya sehemu moja ya kumi ya volti, ni vizuri. Ikifika nusu volti, dayodi ya alteneta yaweza kuwa imekufa, na hapo hakuna amplifaya mpya itakayokusaidia. Mwisho, geuza mita kwenye umeme wa betri, weka ncha moja kwenye ethi ya amplifaya, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, na muziki upigwe kwa sauti kubwa. Ikisoma nusu volti au zaidi, ethi ni mbovu.

JAMBO LA TANO: TENGENEZA KWA ADABU. Waya wa ethi uwe mfupi, usizidi nusu mita, unene wake sawa na ule wa chanya. Ufungwe kwenye chuma kitupu, kisha kipakwe grisi juu ili kutu isirudi. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na waya wa sauti upande wa pili. Vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba, visilale pamoja. Waya wa spika usiguse bodi.

Fyuzi iwe karibu na betri, siyo karibu na amplifaya. Waya mnene bila fyuzi ukichubuka chini ya zulia, gari lawaka. Katika foleni ambamo lori la mafuta liko mbele yako na jingine nyuma yako, hatuna haja ya kueleza zaidi. Wakati wa kazi, toa kichwa hasi cha betri kwanza. Wala usitoe kichwa cha betri injini ikienda, kwa kuwa umeme wa alteneta hupanda ghafula na kuunguza redio na vifaa vingine.

Sasa neno kwa wenzetu wa malori. Foleni ya hapa mnaijua, siku nyingine huvuka mji ikarudi mbali barabarani. Mwaka 2020, wakati wa kupimwa korona, watu walilala ndani ya kebini siku kadhaa. Redio ndiyo rafiki. Lakini lori kubwa ni la volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana, na amplifaya ni ya 12. Fundi mvivu huchukua umeme kutoka betri moja tu. Matokeo ni kwamba betri hiyo hupungukiwa, na mwenzake hujazwa kupita kiasi, zote mbili zikafa mapema. Halafu dereva huulizwa, Umefanya nini na betri za kampuni? Njia ya haki ni kigeuzi cha 24 kwenda 12. Na kigeuzi kiwe kizuri, kifungwe mbali na redio, maana cha bei rahisi huwa chenyewe chanzo cha mluzi. Tena kebini ya lori hukaa juu ya mipira, na ethi yake hupita katika mkanda wa waya unaoifunga na chesisi. Mkanda huo ukioza, kelele huja hata kama kila kitu kingine ni kipya. Utazameni kwanza.

Vile visanduku vya kuzuia kelele vinavyouzwa madukani si uongo wote, ila ni kama dawa ya kutuliza maumivu. Kelele hunyamaza, kutu hubaki. Kiwe cha mwisho, baada ya kukagua yote tuliyosema.

Ndugu, sasa turudi kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Shikeni neno hilo: la kusudi. Bolti kushika kutu si kusudi la dereva. Dayodi kufa si kusudi la tanboi. Tena makato yote pamoja, ya namna yoyote ile, yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Hatusemi kwamba mfanyakazi hakosei kamwe. Twasema kosa lithibitishwe kwanza, ndipo lilipishwe.

Kwa hiyo mtu akiambiwa ameharibu amplifaya, na afanye hivi. Asitie sahihi karatasi ya kukubali makato siku ile ile. Aombe mtambo ujaribiwe mbele ya watu wawili, kwa njia ya simu na waya mfupi. Namba za mita ziandikwe pamoja na tarehe. Kitu kibovu kilichotolewa kisitupwe. Kisha aje tawini, nasi tutakwenda pamoja naye kwa mwajiri, na ikishindikana, kwa afisa wa kazi.

Na sisi wenyewe tusiwe wa kuudhi watu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo, na karibu na vituo hivi vya mpaka wamo wagonjwa, watoto wa shule na madereva waliolala baada ya safari ya usiku. Spika iliyo safi husikika vizuri bila kufunguliwa mpaka mwisho.

Tumesema ya kutosha. Mwenye gari linalovuma na alilete baada ya mkutano, tulikague pamoja ili vijana wajifunze kwa macho. Mje na msasa na spana.

Umoja ni nguvu.