Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Kama Petroli

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kijijini Nyegina kwa wenye magari, madereva na wanakisomo.



Leo tutazungumza juu ya kiyoyozi cha gari. Ni kile chombo kinachotoa hewa baridi ndani ya gari. Vijana wa gereji hukiita "eisi". Tunajua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya wakubwa. Sisi tuna upepo wa ziwa." Hata sisi tulisema hivyo. Lakini magari mengi yanayotupeleka Musoma siku hizi yanacho. Wakati wa kiangazi unafunga vioo kwa ajili ya vumbi. Wakati wa mvua kioo cha mbele kinajaa ukungu wa pumzi za abiria, dereva haoni njia. Kiyoyozi kizima hukausha hewa hiyo na kioo hutakata upesi. Basi si anasa tu.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Sisi ni watu saba wa kikundi. Tulichanga, tukanunua Noah moja iliyotumika, ya kubeba abiria. Mwaka uleule baridi ikakatika. Fundi mmoja akatuambia, "Gesi imekwisha." Akajaza, tukalipa shilingi 50,000. Baada ya miezi miwili, joto. Tukarudi, akajaza tena. Mara ya tatu hivyo hivyo. Shilingi 150,000 zikaenda, na ndani ya gari kukawa kama jikoni.

Tukakaa kikao. Mmoja wetu akasema, "Petroli huibwa. Gesi nayo inaibwa. Dereva anaiuza." Nasi tukakubali! Kijana wa watu akaapa, hatukumsikia. Tukamnyang'anya ufunguo. Akakaa nyumbani wiki mbili, naye ana mke na mtoto mchanga.

Tukampata fundi mwingine, mzee mtaratibu. Huyu hakugusa mtungi wa gesi. Alifungua boneti, akawasha tochi, akapitisha kidole kwenye maungio ya mabomba. Penye ungio moja, karibu na taa, kidole kikatoka na mafuta yaliyochanganyika na vumbi. Akapaka povu la sabuni. Povu likaanza kutoa mapovu madogo madogo, kama tairi la baiskeli lililotoboka. Akatuuliza, "Mlikuwa mnajaza ndoo iliyotoboka?"

Kilichoharibika kilikuwa kipira cha duara, kidogo kuliko pete. Bei yake haifiki sahani ya wali maharage.

Jioni ile tulikwenda kwa kijana, tukamwomba radhi mbele ya mkewe. Ufunguo aliupokea. Lakini hakucheka nasi siku nyingi.

Kosa letu lilikuwa hili: tulidhani gesi ya kiyoyozi inaliwa kama petroli. Hailiwi. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mnajua pampu ya baiskeli hupata moto ukipampu? Ndivyo afanyavyo kompresa, anayezungushwa na mkanda wa injini. Anaibana gesi mpaka inapata moto sana. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ile kama wavu mbele ya rejeta. Hapo upepo huipoza, ikawa maji. Kisha hupenya katika tundu jembamba na kugeuka gesi tena ndani ya dashibodi. Inapogeuka hunyonya joto, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Feni inapuliza hapo, nanyi mnapata baridi. Gesi inarudi kwa kompresa, safari inaanza upya.

Ni kweli, kwa miaka mingi kidogo hupenya katika mipira. Lakini ikiisha kwa miezi miwili, pametoboka. Fundi akisema gesi imekwisha, mwulizeni, "Imetokea wapi?" Asipotafuta, msilipe. Akishaziba, anyonye kwanza hewa na unyevu wote kwa mashine, nusu saa au zaidi. Halafu apime gesi kwa mizani, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi chini ya boneti. Katika gari dogo huwa kama nusu kilo. Ikizidi nayo ni hasara, inamchosha kompresa.

Tena si kila joto ni gesi. Huenda mkanda umelegea au fyuzi imeungua. Au kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Katika magari mengi kipo nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Na sisi wa huku tuna jambo letu: wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Gari likipita humo, kondensa huzibwa nao. Muoshe kwa maji ya polepole, msitumie brashi ngumu, maana yale mapezi yake hupinda. Hata wakati wa baridi washeni kiyoyozi dakika kumi kila wiki, ili mafuta yazunguke na vipira visikauke.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kutia gesi ya kupikia eti ni rahisi. Wapo wanaofanya hivyo. Ikivuja ndani ya gari na cheche ikatokea, watu wataungua. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia gesi iitwayo R134a, nayo haiwaki kirahisi hivyo. Lakini msifungue bomba lake wenyewe. Ikirukia jicho, huligandisha.

Na isiachiwe hewani. Gesi ya zamani, R12, iliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miali mikali ya jua. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana huko Montreal kuipunguza, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993. R134a haiharibu ozoni, lakini kilo yake moja huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016, mjini Kigali, nchi zilikubaliana kuipunguza.

Mama mmoja ametuuliza kabla hatujaanza: "Yale maji yanayodondoka chini ya gari lililosimama, si ndiyo gesi inayovuja?" Hapana, mama. Kama ni maji meupe yasiyo na rangi wala harufu, ni unyevu wa hewa uliogandia kwenye bomba baridi, kama jasho la nje la mtungi wa maji. Hiyo ni dalili kwamba kiyoyozi kinafanya kazi.

Haya, gari letu lipo pale nje na dereva wetu amekwisha fungua boneti. Atawaonyesha lile ungio. Sabuni tumekuja nayo.