Dirisha Lifunguliwe, Rido Ipatikane

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwezi wa memba, Munigi)

Marafiki wanaotusaidia watasoma haya wakiwa mbali. Nimeombwa niseme juu ya rido. Najua wengine walicheka. Papa mmoja alinishika mkono pale mlangoni akasema: "Sasa tumefika kwa mambo ya rido? Na bati yangu inavuja!" Papa, bati yako sijaisahau. Lakini nisikilize kidogo.

Mnakumbuka mama aliyeomba pesa ya rido kwenye kasha jekundu. Kwa marafiki wasiojua: kasha la kijani ni la mikopo, kasha jekundu ni la shida, yaani ugonjwa, kilio, moto. Kamati ilimjibu kwamba rido si shida. Nami nilikuwa pale, nikaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata nikapita kwake. Nyumba ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano kama nyumba zetu nyingi. Ina dirisha moja, nalo limepigwa misumari 4. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali nje, na mama anatafuta chumvi kwa tochi ya simu. Mtoto wake anaandika lesoni akikaa kwenye kizingiti, mbabula iko karibu na mguu wake. Nikakumbuka fomu niliyoijaza mimi mwenyewe juu ya nyumba hiyo: "Dirisha: 1." Ndiyo, liko. Sikuuliza kama linafunguka.

Nilimuuliza kwa nini halifungui. Akasema: "Batu banapita hapa karibu sana. Banaona kitanda, banaona batoto, banaona kama niko mwenyewe. Usiku njo mbaya zaidi."

Njo hapo nilielewa. Wengi wetu tumeishi chini ya shitingi, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, mpaka kambi zilipobaki tupu mwezi wa pili 2025. Mtu aliyelala miaka hivyo, akisikia kila hatua inayopita nje, akipata ukuta wa mbao anataka uwe ukuta mzima. Hakuna mwanga utakaomshawishi kung'oa misumari kama hajapata kitu cha kumficha. Rido ya huyu mama njo ufunguo wa dirisha lake. Kwa hiyo nilirudi kwa kamati, nikasema nilikosea.

Sasa tuseme namna ya kufanya, maana pesa ni kidogo.

Musinunue zile rido nzito zinazong'aa, za rangi ya divai, tunazoona kwenye picha za ndoa. Ni nzuri kwa nyumba kubwa yenye vioo. Kwetu, sakafu ni nyeusi, mbao ni nyeusi kwa moshi, na rido nyeusi inamaliza mwanga uliobaki. Chukua kitambaa cha rangi nyepesi: nyeupe, njano, bluu ya mbingu, au maua madogo. Mutaniambia vumbi la Munigi litaichafua. Kweli, itachafuka. Ndiyo maana ishone fupi, iishie kidogo chini ya dirisha, na uipitishe kwenye kamba au waya ili uitoe na kuifua bila kung'oa kitu.

Hiyo waya ifunge juu ya dirisha, na izidi pande zote mbili, kama upana wa mkono kila upande. Watu wengi wanaifunga sawasawa na dirisha, kisha wakivuta rido, kitambaa kinabaki kimeziba nusu ya mwanga. Jambo dogo, lakini linabadilisha chumba.

Hesabu: kitenge kina upana wa karibu sentimita 115. Dirisha letu la kawaida la sentimita 60 linapata upana mmoja, na mikunjo yake, bila kuunganisha. Kama urefu wa dirisha ni sentimita 80, kata mita 1. Piesi nzima ya yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu: inatosha madirisha 5. Basi wamama 5 wanunue piesi moja pamoja, kama likelemba.

Kitambaa chepesi kinaficha mchana tu. Usiku ukiwasha taa ndani, mtu wa nje anaona kivuli chako chote. Kwa hiyo giza likiingia, funga ubao wa dirisha, au shusha kitambaa cha pili kizito. Huyu mama anatumia blanketi ya kambini. Mi naona ni akili.

Na tafadhali, bujii na mbabula zikae mbali na rido. Nyumba za mbao zimebanana. Moto wa moja ni moto wa kumi. Nailoni inayeyuka kwa moto, na pamba nayo inawaka haraka. Makala nayo yanatoa gesi isiyo na harufu, inayoua watu wamelala. Mbabula isilale ndani, hata kama dirisha linafunguka. Mazuku ni jambo lingine: ile ni gesi nzito inayotoka ardhini na kukaa kwenye mashimo, dirisha haliisaidii kitu. Tutaizungumza siku yake.

Kwa marafiki wanaotoa: kwenye msaada wa nyumba mnahesabu bati, misumari, mbao. Muongeze bawaba 2 na mita 1 ya kitambaa kwa kila dirisha. Na anayepita kukagua asiandike "dirisha" kabla ya kulisukuma kwa mkono.

Kamati imekubali kununua piesi 2 za kwanza. Jumatano fundi wa kushona atakuja hapa na mashine yake. Kila mmoja alete vipimo vya dirisha lake, upana na urefu, vimeandikwa kwenye karatasi. Asiye na mita apime kwa kamba, alete kamba. Na papa wa bati, usiondoke, tuonane.