Mifuko Inayoteleza

Ndugu wanachama, sisi tunaopakia mabehewa tumeona mara nyingi mifuko ya plastiki ikiteleza na kuporomoka, kisha sisi ndio tunaolaumiwa. Sikilizeni sababu. Plastiki ya polithini hugandana na kukwama mashinini, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na dawa ya utelezi iitwayo erukamaidi, itokanayo na mafuta ya mbegu. Dawa hiyo hutoka ndani polepole, ikakaa juu ya mfuko kama mafuta. Mashine hupata nafuu, taabu hutufikia sisi. Basi tudai mambo mawili: mifuko ya mizigo mizito itiwe dawa kidogo, nayo isipangwe kwenda juu mno. Mwenzetu akiangukiwa, tusikubali aitwe mzembe. Umoja ni nguvu.