Mapumziko Nayo Yana Kengele Yake



Nimeombwa niseme machache kabla ya chakula. Nimechagua jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni mapumziko.

Wengi wetu tulilelewa katika wito wa "Uhuru na Kazi". Wito ule ulikuwa wa haki, kwani nchi ilihitaji kujengwa. Lakini wapo walioufahamu nusu, wakadhani kwamba kila anayeketi ni mvivu. Ndugu zangu, uvivu na mapumziko ni mambo mawili mbalimbali. Mvivu huikimbia kazi. Apumzikaye ameifanya kazi, na anakusanya nguvu za kuirudia.

Hapa shuleni jambo hili lilijulikana vizuri. Ratiba ilikuwa na vipindi vya hesabu na historia, lakini pia ilikuwa na mapumziko baada ya chakula cha mchana, michezo jioni, na saa ya kuzima taa. Aliyekutwa akisoma kwa kurunzi ndani ya blanketi aliadhibiwa, hata kama mtihani ulikuwa kesho yake. Leo hatuna wa kutupigia kengele. Kazi na mikutano hupangiwa saa zake, na mapumziko huachiwa makombo.

Hata sheria hairuhusu hivyo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe angalau dakika 60 za kupumzika. Na likizo ya mwaka isipungue siku 28. Basi mapumziko ni haki, wala si hisani ya mkubwa wa kazi.

Tena ni uhai. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wahenga walisema, bandubandu huisha gogo.

Neno langu la mwisho ni zito kidogo. Wengi wetu tukirudi nyumbani huketi kitini tukingoja chai. Anayeileta naye ametoka ofisini, sokoni au shambani, na bado vyombo na watoto vinamngoja. Saa zake hazihesabiwi na mtu, wala kengele haimlilii. Tukipumzika kwa jasho lake, tumemtwika mzigo wetu juu ya wake.

Kwa hiyo, naomba kila mmoja wetu akifika nyumbani akae na watu wake, wagawane kazi za jioni, mzee mwenyewe akiwamo, kisha wachague saa ambayo simu za kazi zitawekwa kando na kila mtu, pamoja na msaidizi wa nyumbani, atakuwa ameketi. Hiyo ndiyo kengele yetu sasa, na wa kuipiga ni sisi wenyewe.

Nisiwacheleweshe, chakula kisije kikapoa.