Njia Kabla ya Nguvu: Kuchagua Ekskaveta ya Kung'oa Visiki kwenye Miteremko ya Nyeri



Nianze na hasara yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi ekskaveta ya tani 20 nikatoe visiki vya mikaratusi katika shamba la ekari moja na nusu upande wa Othaya. Mashine ilikuwa nzima, na opereta kazi anaijua. Lobedi, lile lori la kubebea mashine, ikaishusha mwisho wa lami. Kutoka pale hadi getini ni mita 400 hivi za udongo, na katikati kuna kalvati lililowekwa kwa ajili ya pikapu na bodaboda. Likapasuka. Nililipa kalvati, nikalipa lobedi kwenda na kurudi, nikalipa na siku ya mashine iliyolala. Visiki vilibaki vinatutazama.

Tangu hapo mteja akinipigia, namuuliza njia kabla ya miti. Mashamba yetu, kutoka Tetu hadi Mathira, mengi ni vipande virefu vyembamba: barabara na nyumba juu mgongoni, mto chini bondeni. Mashine huingilia juu, ikapenya kati ya zizi na tangi la maji, ndipo iteremke. Ekskaveta ya tani 20 ina upana wa karibu mita 3, na geti la futi 10 ni mita 3 na nukta. Mkia wake nao huzunguka nje ya minyororo. Kwenye matuta ya fanya juu utagonga ukingo wa juu huku mnyororo wa upande wa chini ukibomoa tuta ulilolijenga kwa miaka. Ya tani 13 ina upana wa mita 2.5 hivi, ya tani 8 mita 2.2 au 2.3, na zipo zenye mkia mfupi usiotokeza. Kwa mashamba mengi ya huku, hizo mbili ndizo za kufikiria.

Mtaniuliza, zitaweza? Fungua kijitabu cha mashine penye nguvu ya kuchimba ya baketi, na uachane na nguvu za farasi ambazo wauzaji hupenda kuzitaja. Tani 8 hutoa takriban kilonyutoni 55 hadi 60, sawa na kuvuta mzigo wa tani 6 hivi. Tani 13 hutoa 90 hadi 100, na tani 20 hutoa 140 au zaidi kidogo. JCB ya magurudumu, ile inayojiendea barabarani bila lobedi, haiko mbali na ya tani 8, ila udongo ukilowa inazama, na mnaanza kutafuta mashine ya kuiokoa mashine.

Sasa weka namba hizo kando ya mti. Mbuni mzee si kazi. Muthanduku, yaani wattle, una mizizi ya juu juu, na mukima, yaani grevillea, wa kawaida tani 8 inautoa. Shida ni munyua mai, mkaratusi wetu. Ukikatwa huchipuka, ukikatwa tena huchipuka, na kila mzunguko kisiki kinanenepa. Waliouza kuni kwa viwanda vya majani chai miaka na miaka wana visiki vilivyokatwa mara tatu, vyenye upana wa mita nzima. Hapo nataka tani 13, tena yenye ukucha, lile jino moja refu la kukatia mizizi, na baketi nyembamba ya sentimita 45 hadi 60. Ukinipa tani 20 yenye baketi pana isiyo na ukucha, nakurudishia. Baketi pana huchimba shimo la kuzikia ng'ombe, ikaleta juu udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri, na mche wa parachichi unaoupanda pale unakaa manjano.

Kuna nguvu nyingine ambayo haiko kwenye kijitabu. Mwambie mwenye pawa soo aache kisiki kirefu, mita moja au moja na nusu. Wengi hukata chini kabisa kwa kulilia kuni za kipande hicho, nacho ndicho mpini wenyewe. Opereta hukaa upande wa juu, minyororo ikielekea bondeni, hakai mashine imelala kiubavu kwenye mteremko. Anapitisha ukucha upande wa juu wa kisiki na mbavuni, kisha anakisukuma kichwa cha kisiki kuelekea chini, polepole. Mzizi mkubwa ukikatika hulia kama bunduki ya mbali. Aliye mzuri huacha kusukuma, hutikisa kidogo, husikiliza, hurudi kukata ulioshikilia. Asiye mzuri huongeza mafuta, na paipu ya haidroliki ndiyo hukatika kwanza. Kikishatoka, akining'inize na kukigonga mpaka udongo mwekundu uanguke shimoni ulikotoka.

Anayetaka kupanda chai ajue kwamba mizizi mikubwa iliyobaki hulisha kuvu ya Armillaria, nayo huua michai. Ndiyo sababu wakulima wa chai hufundishwa kubandua gome la mti kuuzunguka muda mrefu kabla ya kuukata, mizizi iishiwe akiba yake ya chakula. Mashine haifanyi kazi hiyo kwa niaba yako.

Tani 20 ina mahali pake: Kieni na kuelekea Nanyuki, ambako ardhi ni pana na tambarare na lobedi inafika hadi shambani. Hunywa lita 12 hadi 18 za dizeli kwa saa, kwa hiyo iletwe kwa visiki vingi, majirani wakichanga. Iende Januari au Februari. Mvua ya Machi ikikuta mashine kwenye udongo mweusi, itakaa huko hadi Juni.

Mwisho, ukingo wa mto. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito, na Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Tetu, alikuwa ameulalamikia mti huo kwa miaka. Wengi walikata, na sasa wananiita nikang'oe visiki. Siendi. Kanuni za maji hutaja ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka mtoni, na mizizi ile, hata ya munyua mai, ndiyo inayoshika ukingo kwa sasa. Panda mianzi katikati ya visiki, kisha kijana mmoja apite na panga kila baada ya wiki tatu akibandua machipukizi yakiwa bado laini, hadi kisiki kichoke.